Sura ya Sita: Nani Anakula RAM

Mwaka 1995 kampuni moja ya California, Syncronys Softcorp, iliingiza sokoni programu iliyoitwa SoftRAM95. Ahadi yake ilikuwa fupi: iweke kwenye kompyuta, RAM yako itaongezeka maradufu. Wateja hawakutafutwa mbali. Windows 95 ilikuwa imetoka Agosti ya mwaka huohuo ikitaka angalau MB 4 za RAM, na kila aliyeiendesha kwa MB 4 alijua kwamba hizo zilitosha kuiwasha tu, kazi ni habari nyingine. Chipu za kumbukumbu zilikuwa ghali. Programu ya bei nafuu, isiyohitaji fundi wala bisibisi, ilionekana kama ukombozi. Ukijumlisha na toleo lililotangulia, nakala zilizouzwa zilikaribia 700,000.

Haikuongeza kitu. Wataalamu watatu wa programu, Mark Russinovich, Bryce Cogswell na Andrew Schulman, waliipasua na kuandika walichokikuta kwenye jarida la Dr. Dobb's: ile sehemu iliyodaiwa kubana data ndani ya Windows 95 haikubana chochote. Kilichobadilika ni namba zilizoonekana kwenye kioo. Mwaka 1996 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliibana kampuni hiyo kwa udanganyifu, na kufikia 1998 ilikuwa imefilisika.

Naanza na kisa hiki kwa sababu tatizo la RAM kwenye kompyuta mpakato, jana na leo, huanza na namba. Wateja wa SoftRAM95 waliona namba imepanda wakaamini mashine imepona. Siku hizi mambo yamegeuka: mtu anafungua Task Manager, anakuta kumbukumbu imetumika asilimia 85 na hata hajaanza kazi, anaamini mashine inaumwa. Anapakua programu ya "kusafisha RAM", namba inashuka hadi 50, roho inatulia. Dakika tano baadaye kompyuta ni nzito kuliko mwanzo. Namba ilikuwa sahihi. Yeye ndiye aliyeisoma vibaya.

Prosesa haifanyi kazi na kitu kilicho kwenye diski. Picha, barua, ukurasa wa intaneti, hata Windows yenyewe, vyote lazima kwanza viletwe kwenye RAM. Chukua mfano wa duka la mtaani lenye rafu mbele na stoo nyuma. Mteja huhudumiwa kutoka kwenye rafu. Bidhaa ikiwa stoo, muuzaji ainuke, aende, atafute, arudi. Muuzaji anayeijua kazi hawezi kuziacha rafu tupu ili duka lionekane nadhifu. Anazijaza sukari, sabuni na unga kabla hata hujaja, kwa sababu anajua utakuja. Ikifika bidhaa mpya inayotakiwa zaidi, anaondoa ile isiyotoka na kuweka hiyo.

Windows hufanya vivyo hivyo, na ilianza kufanya kwa bidii kubwa katika Vista, iliyowafikia wanunuzi wa kawaida Januari 2007. Vista ilikuja na kitu kilichoitwa SuperFetch, ambacho kilitazama ni programu zipi unazozizoea na kuziweka kwenye RAM kabla hujazigusa. Watu wakatazama, wakaona kumbukumbu iliyo huru ni MB chache, wakapiga kelele kwamba Vista inakula RAM. Vista ilikuwa na dhambi zake nyingi, lakini hiyo haikuwa mojawapo. RAM iliyojazwa kwa namna hiyo hurudishwa papo hapo programu nyingine ikiihitaji. Ndiyo maana Task Manager ya leo ina mstari uitwao "Cached" na mwingine uitwao "Available". Wa kwanza ni mzigo wa akiba, wa pili ni kiasi kinachoweza kutolewa sasa hivi bila kumuumiza yeyote. Linux nayo, ukiandika free -h, hukupa safu ya "available" kando ya ile ya "free", na safu ya "free" karibu kila mara huonekana kama msiba. Soma ya "available".

Kwa hiyo RAM iliyojaa si ugonjwa. Ugonjwa ni pale ambapo vitu vyote vilivyo kwenye rafu vinahitajika kwa wakati mmoja, havitoshi, na muuzaji anashinda njiani kati ya rafu na stoo.

Ujanja wa kutumia diski kama RAM ya ziada ni wa kale kuliko wengi wetu. Kompyuta ya Atlas, iliyozinduliwa katika Chuo Kikuu cha Manchester Desemba 1962, ilikuwa na kumbukumbu ya haraka ya maneno 16,384, na nyuma yake ngoma ya sumaku yenye uwezo mara sita ya huo. Timu ya Tom Kilburn ilitengeneza mfumo uliokata data katika kurasa ndogondogo na kuzihamisha wenyewe baina ya sehemu hizo mbili, hata mwandishi wa programu akaona kumbukumbu moja kubwa. Kompyuta yako inafanya jambo hilohilo, kwa kawaida kwa kurasa za KB 4. Ukurasa usioguswa muda mrefu hupelekwa kwenye faili maalumu la diski, pagefile.sys kwa upande wa Windows, na hurudishwa ukihitajika.

Njama hii hufanya kazi vizuri hadi inapoacha kufanya kazi kabisa, na katikati hakuna kitu kikubwa. Mwaka 1968 mwanasayansi wa kompyuta Peter Denning alieleza kwa nini. Kila programu inayoendeshwa ina kundi la kurasa inazozigusa tena na tena kwa kipindi fulani. Makundi ya programu zote yakitosha ndani ya RAM, mambo yanakwenda. Yakizidi hata kidogo, kila programu inayopewa zamu inakuta kurasa zake zimetolewa ili kumpisha mwenzake, inazirudisha kwa kuzitoa za mwenzake, na mwenzake akipata zamu anafanya vilevile. Prosesa inakaa bila kazi ikisubiri diski, na diski inakimbia bila kuzalisha kitu. Ndiyo maana kompyuta ya GB 4 inaweza kwenda vizuri na vichupo tisa vya kivinjari, halafu cha kumi kikaigandisha. Kichupo cha kumi hakikuwa kizito kuliko wenzake, isipokuwa ndicho kilichovuka mpaka.

Ukubwa wa adhabu unategemea diski. Data iliyo kwenye RAM hufikiwa kwa takriban nanosekunde 100. SSD ya kawaida huchukua kama mikrosekunde 100, yaani mara elfu moja zaidi. Diski ngumu ya kuzunguka, yenye mkono wa kusogea juu ya sahani, inahitaji kama milisekunde 10, na hapo tumefika mara laki moja. Mwenye SSD husema kompyuta yake "inasitasita kidogo". Mwenye diski ya kuzunguka husema imeganda, anabonyeza kitufe cha kuzima hadi ikate. Hali yao ni moja, stoo ndizo tofauti.

Sasa nani anakula?

Kwanza, mfumo wenyewe. Windows 10 au 11 ikishawaka, kabla hujafungua chochote, mara nyingi imeshachukua GB 2 au zaidi. Chipu ya picha iliyo ndani ya prosesa nayo hujitengea fungu lake, linaloonekana kama "Hardware reserved". Kwa mashine ya GB 4, nusu imeondoka. Microsoft imeandika kwamba Windows 11 inahitaji angalau GB 4, na kiwango hicho kina ukweli uleule wa zile MB 4 za mwaka 1995.

Pili, na hapa ndipo penye kesi kubwa, kivinjari.

Google ilipotoa Chrome Septemba 2008, iliandamana na kitabu cha katuni kilichochorwa na Scott McCloud kueleza jinsi kivinjari hicho kinavyofanya kazi. Jambo kuu lilikuwa kwamba kila kichupo kingekuwa programu inayojitegemea. Vivinjari vya awali viliweka kurasa zote kwenye chungu kimoja, na ukurasa mmoja ukiharibika zote zilikufa. Katuni hiyo haikuficha gharama: kila kichupo kinachojitegemea kinabeba mzigo wake wa kudumu, hivyo mwanzoni kumbukumbu nyingi zaidi hutumika. Mapatano yalikuwa ya haki. Wakati ule ukurasa wa gazeti ulikuwa maandishi na picha chache. Leo ni programu nzima yenye video inayojiwasha na matangazo kutoka seva nyingi, kila moja na msimbo wake.

Halafu ikaja Januari 2018, udhaifu uliopewa jina Spectre ulipotangazwa. Ilionekana kwamba msimbo wa tovuti moja ungeweza, kupitia tabia ya prosesa ya kukisia kazi ijayo, kusoma siri za tovuti nyingine iliyo katika programu ileile. Dawa ya Chrome ilikuwa kuzitenga tovuti, hata zile zilizopachikwa ndani ya ukurasa mmoja, kila moja na programu yake. Google wenyewe walikadiria kwamba hatua hiyo iliongeza matumizi ya kumbukumbu kwa asilimia 10 hadi 13. Kwa hiyo sehemu ya RAM unayoilalamikia inalinda nenosiri la benki yako, na mimi nisingeirudisha.

Nisichokitetea ni viendelezi. Mozilla, watengenezaji wa Firefox, walijifunza hili kwa jasho. Kivinjari chao kilikuwa kimepata sifa mbaya ya kuvimba kadiri siku inavyokwenda, na mwaka 2011 Nicholas Nethercote akaongoza mradi ulioitwa MemShrink wa kuziba matundu. Matundu mengi ya Firefox yenyewe yalizibwa, lakini malalamiko hayakuisha, kwa kuwa viendelezi vilivyoandikwa na watu wa nje vilikuwa vikishikilia kurasa zilizokwisha kufungwa. Unafunga kichupo, kwenye kioo kimeondoka, kwenye RAM bado kipo. Firefox 15 ya Agosti 2012 ilikuja na njia ya kukata minyororo hiyo kwa nguvu, na hapo ndipo tofauti ilipoonekana.

Programu inayoshika kumbukumbu bila kuiachia huitwa inayovuja, na dalili yake ni moja: inapanda tu. Iangalie asubuhi, iangalie mchana, iangalie jioni. Programu yenye njaa ya kawaida hupanda na kushuka kwa kufuata kazi unayoifanya. Inayovuja hupanda hata ukienda kula.

Walaji wa tatu wamejificha ndani ya nguo za watu wengine. Slack, Discord, Visual Studio Code na nyingine nyingi zimejengwa juu ya Electron, mfumo uliozaliwa GitHub mwaka 2013 kwa ajili ya kihariri cha Atom. Kila programu ya Electron inakuja na kivinjari kamili tumboni. Ukifungua tatu, pamoja na Chrome yako, unaendesha vivinjari vinne. Wanaozitengeneza wanaokoa muda, maana wanaandika mara moja kwa Windows, Mac na Linux. Wewe unalipa kwa RAM. Mashine ya GB 16 haina habari. Ya GB 4 inalia. Kama programu ya namna hiyo ina toleo la kutumia ndani ya kivinjari, na kivinjari tayari kimefunguliwa, litumie hilo.

Kabla ya kufuta chochote, tazama. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager itafunguka. Kwenye orodha ya programu, bonyeza kichwa cha safu ya "Memory" ili wakubwa wapande juu. Kisha nenda sehemu ya "Performance", chagua "Memory", na ushuke hadi penye neno "Committed". Hapo pana namba mbili zilizotengwa kwa mkwaju, tuseme 7.9/9.2 GB. Ya kwanza ni jumla ya kumbukumbu ambayo Windows imeziahidi programu. Ya pili ni uwezo wake wote wa kuahidi, yaani RAM pamoja na faili la diski. Ya kwanza ikikaribia ya pili, programu zitaanza kunyimwa, na programu iliyonyimwa kumbukumbu aghalabu huanguka na kazi yako. Ya kwanza ikiwa kubwa kupita RAM uliyonayo, na taa ya diski haizimi, uko katika ile hali ya Denning. Anayetaka ushahidi zaidi afungue Resource Monitor na kutazama "Hard Faults/sec": grafu inayoruka mara mojamoja ni ya kawaida, inayosimama juu muda wote ni hukumu. Mwenye Mac amerahisishiwa. Activity Monitor ina mchoro wa "Memory Pressure", kijani, njano na nyekundu. Ukiwa kijani, funga dirisha na uendelee na kazi, hata kama namba nyingine zinatisha.

Kivinjari kina meneja wake wa kazi. Ndani ya Chrome au Edge bonyeza Shift na Esc, utaona kila kichupo na kila kiendelezi na kiasi kinachokula. Wengi hukuta kwamba adui si vichupo thelathini; ni viwili, na kimoja ni barua pepe iliyoachwa wazi tangu wiki iliyopita.

Baada ya kutazama, sasa tiba, na ya kwanza ni ya bure na haifanywi ipasavyo. Tangu Windows 8, ukichagua "Shut down" kompyuta haizimiki kabisa. Inaihifadhi sehemu ya ndani ya mfumo, pamoja na draiva zake, kwenye diski, na ukiwasha inairudisha jinsi ilivyokuwa, ili ionekane imewaka haraka. Draiva iliyokuwa ikivuja jana inaamka na mvujo wake. "Restart" ndiyo inayoanza upya kikweli. Mtu anayeapa kwamba huzima kompyuta yake kila usiku anaweza kuwa anaendesha mfumo uleule kwa mwezi mzima, na anayefunga kifuniko tu na kuitia begini ndiyo kabisa. Angalia "Up time" kwenye Task Manager, sehemu ya "CPU", utashangaa.

Zipo draiva zinazovuja kiasi kwamba hata kuanza upya kunasaidia saa chache tu. Hapo jumla ya programu kwenye orodha haikaribii kiasi kilichotumika: orodha inasema GB 3, kipimo kinasema 7. Tazama "Non-paged pool". Mamia ya MB ni kawaida. Ikisoma gigabaiti kadhaa na inaendelea kupanda, mshukiwa ni draiva, mara nyingi ya mtandao au ya programu ya ulinzi dhidi ya virusi. Chukua toleo jipya kwenye tovuti ya aliyetengeneza kompyuta, si kwenye tovuti za "draiva zote bure".

Programu zinazojiwasha zenyewe hupatikana kwenye sehemu ya "Startup apps". Zima zote usizozitambua kwa kazi. Kuzima hapo si kufuta. Viendelezi vya kivinjari viondoe hadi vibaki unavyoweza kuvitaja kwa jina bila kutazama. Isipokuwa kizuia matangazo kizuri, ambacho kwenye kurasa zilizosheheni matangazo hurudisha zaidi ya kinachokula. Kwenye mipangilio ya Chrome washa Memory Saver, iliyoletwa Desemba 2022: inaviondoa kwenye RAM vichupo usivyovitazama na kuvipakia upya ukivirudia. Edge ina vichupo vinavyolala. Kwa mwenye intaneti ya kulipia kwa bando, kumbuka kwamba kupakia upya kunakula data, basi tovuti unazorudia kila saa ziweke kwenye orodha ya zisizolazwa.

Diski C iliyojaa hadi kuwa nyekundu ni tatizo la RAM pia, ingawa watu hawaliunganishi. Faili la kuongezea kumbukumbu haliwezi kukua pasipo nafasi. Acheni GB 10 hadi 15 huru. Na msilizime faili hilo, hata mkishauriwa na mtu mwenye kujiamini. Ushauri huo ni wa wenye RAM ya kumwaga, na hata kwao faida yake ni ndogo. Kwa mwenye GB 4 unageuza uzito kuwa mwanguko.

Kuna kosa moja ninaloliona kwenye laptopu nyingi zilizopigwa Windows mitaani. Mashine ina GB 8, lakini fundi ameiwekea Windows ya biti 32. Biti 32 zinaweza kutaja anwani 4,294,967,296, yaani GB 4, na sehemu yake inaliwa na vifaa vingine, kwa hiyo mwenye mashine anaona GB 3 na kitu. Amelipia RAM ambayo mfumo wake hauwezi kuiona. Angalia kwenye "Settings", "System", "About": ikiandikwa 32-bit na prosesa ni ya biti 64, hifadhi mafaili yako na uiweke Windows upya. Wengine huelekezwa waende msconfig wakaweke alama kwenye "Maximum memory". Kisanduku hicho kimewekwa kwa ajili ya kupunguza RAM wakati wa majaribio. Kikiwa na alama, iondoe.

Programu za kusafisha RAM nimezigusa mwanzoni, na sasa utaratibu wake unaeleweka. Zinaziamrisha programu zote zitoe kurasa zao nje. Rafu zinabaki tupu, namba inapendeza. Halafu unagusa kivinjari, na kurasa zake zote zinaanza safari ya kurudi. Kazi ambayo Windows ingeifanya kidogokidogo, kwa kuchagua ukurasa usiohitajika, imefanywa kwa panga. Sijaona sababu ya kuwa na hata moja.

Kinachochekesha ni kwamba uongo wa SoftRAM95 baadaye uligeuka kuwa kweli. Apple iliingiza ubanaji wa kumbukumbu kwenye OS X Mavericks mwaka 2013, Linux ikapokea zram rasmi ndani ya kiini chake mwaka 2014, na Windows 10 ikafuata mwaka 2015. Prosesa zimekuwa na kasi kiasi kwamba kuubana ukurasa na kuuacha ndani ya RAM ni nafuu kuliko kuupeleka diski. Wa Windows ulipoanza, watu waliona kitu kiitwacho "System" kimevimba na wakadhani ni virusi. Kilikuwa kimebeba kurasa zilizobanwa za programu nyingine. Kwenye Windows na Mac, ubanaji huo hauhitaji kununuliwa wala kuwashwa. Kwa laptopu ya zamani iliyobaki na GB 4, Fedora, ambayo imekuwa na zram tayari imewashwa tangu toleo la 33 la mwaka 2020, au Linux yoyote yenye mazingira mepesi kama Xfce, huipa mashine miaka mingine ya kazi. Hili lina uzito zaidi tangu Windows 10 ilipokatiwa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, maana kompyuta nyingi za mtumba zilizoko mikononi mwetu zina prosesa za Intel za kabla ya kizazi cha nane, ambazo, isipokuwa chache, Windows 11 haizikubali rasmi.

Na hapo tunafika kwenye kununua, kwa kuwa kuna kikomo cha ujanja. Ukishafanya yote haya na "Committed" bado iko juu ya RAM uliyonayo kila siku ya kazi, mashine ina njaa ya kweli na dawa yake ni chipu.

Habari njema ni kwamba laptopu za ofisini zinazofika Kariakoo kutoka Dubai, au zinazouzwa Nairobi kwa jina la "ex-UK", nyingi zimetengenezwa kwa kufunguliwa. HP EliteBook 840 G3, kwa mfano, ina nafasi mbili za RAM ya DDR4. Kabla ya kwenda dukani rudi kwenye "Performance", "Memory", na usome "Slots used". Ikiandika 1 of 2, unaongeza kipande kimoja bila kutupa cha zamani, na vipande viwili vikifanya kazi pamoja huipa nguvu pia chipu ya picha. Kwenye "Form factor", SODIMM maana yake RAM inachomoka. "Row of chips" maana yake imechomewa kwenye ubao. Zingatia kizazi. DDR3 haiingii kwenye nafasi ya DDR4, pengo lake liko mahali tofauti. Na kuna DDR3L ya volti 1.35 inayofanana kwa sura na DDR3 ya 1.5, laptopu nyingi zinazotaka ya kwanza haziwaki ukiziwekea ya pili. Chomoa kile kipande cha zamani uende nacho.

Mwenye diski ya kuzunguka na GB 4, na pesa ya kitu kimoja tu, ningemwambia anunue SSD kwanza. RAM itatuliza ule mkimbio wa kurasa, lakini kuwasha, kufungua programu, kutafuta faili na hata mkimbio wenyewe, vyote vinapita kwenye diski. RAM ifuate pesa ikipatikana, na GB 8 ndicho kiwango cha chini ninachokihesabu kwa kazi za ofisi na chuo. Usisubiri sana ukidhani bei itashuka yenyewe kama zamani: mwishoni mwa 2025 bei za RAM zilipanda kwa kasi, viwanda vilipogeuzia uwezo wao kwenye kompyuta za akili unde.

Kwa anayenunua mashine nyingine, neno langu ni hili. MacBook Air yoyote ya miaka ya karibuni, na laptopu nyingi nyembamba za Windows, huja na RAM iliyochomewa. Utakayoilipia dukani ndiyo utakayozeeka nayo. Ukikuta GB 4 zimechomewa na hakuna nafasi ya kuongeza, mrudishie muuzaji, hata akikupunguzia bei.